Shati la kitenge kwa bega lililoshuka

Bega langu la kulia limeshuka nusu inchi kuliko la kushoto. Miaka mingi nilivaa mashati yenye mkunjo unaotoka shingoni na kushuka mpaka kwapani, upande huo mmoja tu, nikidhani kitambaa ndicho kibaya. Mafundi walikuwa wakinipima kifua, urefu na mkono. Mabega walinipimia upana, mteremko hapana. Nilikuja kuelewa nilipoanza kujishonea mwenyewe, kwa cherehani ya mkono aliyoniachia mama. Mchana ni karani hapa Tanga, kushona ni kwa jioni na Jumapili, na huu ni mwaka wa saba.

Anza na shati la mikono mifupi. Kitenge cha upana wa inchi 45, yadi 2 zinamtosha mwanaume wa umbo la kawaida; mimi ni mrefu, nanunua yadi 2 na nusu. Ukiwa dukani kikunjue chote uangalie kama michoro ina juu na chini. Kama ni ndege, vipande vyote vikatwe vikielekea upande mmoja, na hapo ongeza nusu yadi. Ukifika nyumbani kiloweke, kifue, kianike kivulini, ukipige pasi kabla ya mkasi kukigusa. Pamba hurudi, na ni heri irudi ikiwa bado kitambaa.

Patani, yaani vielelezo vya karatasi vya kukatia kitambaa, usinunue. Chukua shati kuukuu linalokukaa vizuri kifuani, ulifumue mshono mmoja mmoja kwa wembe, upige pasi vipande na uvichore kwenye karatasi ya kaki. Usiongeze kitu kuzunguka, akiba ya mshono imo tayari. Pembeni tu mimi huacha inchi nzima, kwa sababu mwili hunenepa na kukonda.

Sasa lije jambo ambalo ningependa mtu angenifundisha mapema. Kata mwili wa mbele na wa nyuma kwa amerikani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu, uunge mabega na pembeni kwa mkono, mishono mirefu. Livae. Simama mbele ya kioo mikono ikining'inia, usijikaze. Ukiona mkunjo wa mshazari upande mmoja, mwombe mtu wa nyumbani aubane mshono wa bega kwa pini, akianzia ncha ya bega, mpaka mkunjo upotee. Kwangu mke wangu ndiye hubana, na jicho lake ni kali kuliko futi. Pima kutoka mshono wa zamani hadi pini: hicho ndicho kiasi cha kushusha pale ncha ya bega, mstari ukipanda taratibu mpaka shingoni, ambapo hupunguzi kitu. Fanya hivyo mbele na nyuma.

Halafu, na hapa wengi hukosea, shusha na kwapa la upande huo kwa kiasi hicho hicho. Ukishusha bega peke yake, tundu la mkono linakuwa dogo, na utahangaika na mkono usioingia.

Shati langu la kwanza la namna hii niliharibu kwa sababu kitenge kilikuwa kimelala kifudifudi, nikapunguza bega la kushoto. Tangu siku hiyo, kabla ya kupunguza chochote, napiga alama kwa uzi mwekundu kwenye bega la kulia, mbele na nyuma, na siutoi mpaka kola iwe imekaa.

Kwa kitenge tumia sindano namba 14 na mishono kama 10 kwa inchi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini, tatizo mara nyingi liko juu: nyanyua mguu wa cherehani, utoe uzi, uupitishe upya.

Unga mabega, weka kola, kisha pachika mikono shati likiwa bado wazi pembeni. Kichwa cha mkono huzidi tundu kidogo, nusu inchi hivi. Usiikate ziada hiyo, ndiyo inayoufanya mkono ukae vizuri kwenye mviringo wa bega. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, mistari miwili kuzunguka kichwa cha mkono, vuta nyuzi polepole mpaka urefu ulingane na tundu, bila marinda kuonekana. Upande wa mbele wa mkono umechimbwa zaidi ya wa nyuma, kwa hiyo weka alama, kijikato kimoja mbele na viwili nyuma, usije ukabadilisha. Shona mkono ukiwa chini na mwili wa shati juu: meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini na kuimeza ile ziada. Mwenye cherehani ya mkono kama mimi anabaki na mkono wa kushoto tu wa kuongoza kitambaa, basi asitegemee pini peke yake. Bandi kwanza.

Kila mshono ukiisha, pasi. Kisha unga pembeni kwa mkupuo mmoja, kutoka pindo la mkono kupitia kwapani hadi chini.

Vifungo usianze kuvipima kutoka shingoni. Weka cha kwanza pale kifua kilipo kipana zaidi, maana ndipo shati hufunguka ukikaa, halafu vingine juu na chini yake kwa inchi 3 na nusu. Matundu yawe upande wako wa kushoto. Mimi huyashona kwa mkono, jioni mbili kwa shati moja, uzi ukiwa umepakwa nta ili usijisokote.