Kompyuta au konsoli inajizima katikati ya gemu: tafuta chanzo hatua kwa hatua

Mashine iliyogoma kuwaka kabisa inasumbua, lakini inayowaka vizuri, ikachezeka nusu saa, kisha ikazimika ghafla inasumbua zaidi. Hiyo ndiyo inayowafanya watu wafute kila kitu na kuweka Windows upya, au wakanunue pawa saplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) nyingine, na bado tatizo likabaki palepale. Mashine ya namna hii mara nyingi inajilinda: ama imepata joto kupita kiasi, ama umeme unaoifikia hautoshi au unayumba. Unaweza kujua ni lipi kati ya hayo bila kushika bisibisi.

Fuata mpangilio nilioutumia hapa, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukihamisha soketi, ukasafisha feni na kusasisha draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) kwa mkupuo mmoja, mashine ikipona hutajua kilichoiponya, na tatizo likirudi utaanza upya.

Kwanza kabisa, okoa vitu vyako. Mashine ikizimika wakati diski inaandika, faili inaweza kuharibika. Kwenye kompyuta, nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje leo, usisubiri kesho. Kwenye PS4 unaweza kunakili sevu za gemu kwenye flashi. Kwenye PS5, sevu za gemu za PS5 zenyewe haziendi kwenye flashi, zinahifadhiwa mtandaoni kupitia PlayStation Plus. Xbox huzipeleka mtandaoni yenyewe mradi umeingia kwenye akaunti yako na intaneti ipo.

Hatua ya 1: Andika inazimika lini na kwa namna gani

Chukua karatasi. Kila inapozimika, andika mambo matatu: ilikuwa imewaka kwa muda gani, ulikuwa unafanya nini, na ilizimika vipi. Watu wengi wanairuka hatua hii kwa sababu haionekani kama ufundi, lakini mimi ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Kama inakaa muda mrefu ukiiwasha ikiwa baridi, kisha ukiiwasha tena papo hapo inazimika baada ya dakika chache tu, shuku joto. Mashine haijapata nafasi ya kupoa, ndiyo maana mara ya pili inawahi kufika kikomo. Ushahidi unaongezeka kama feni zilikuwa zinavuma kwa nguvu kabla ya kuzimika, au kama PS4 ilikuonyesha ujumbe kwamba imepata joto kali.

Kama inakatika ghafla bila feni kuongeza kasi, hata ukiwa kwenye menyu tu, shuku umeme. Kama picha inaganda kwanza, sauti inajirudia-rudia, au Windows inatoa skrini ya buluu, shuku RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), draiva au diski. Na kama ni gemu moja tu inayoleta shida huku nyingine nzito zikienda vizuri, sasisha gemu hiyo au uifute na kuipakua upya kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 2: Izime kikweli

Kwenye Windows 8 na matoleo yaliyofuata, kompyuta nyingi huja na kipengele cha kuwaka haraka kikiwa kimewashwa. Ukichagua kuzima, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile ukiwasha. Kwa hiyo unaweza kuzima na kuwasha wiki nzima na hitilafu ya draiva ikakufuata kila siku. Ukitaka mfumo uanze upya kabisa, chagua Restart. Ni jambo dogo, lakini linamaliza matatizo mengi ya sauti, Wi-Fi na padi za kuchezea zisizotambuliwa.

Baada ya hapo ondoa umeme uliobaki ndani. Kompyuta ya mezani: izime, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30, kisha rudisha waya. Laptopu yenye betri ya kuchomoka, toa betri kwanza. Xbox: shikilia kitufe cha mbele kwa sekunde 10 mpaka izimike, chomoa waya, subiri angalau sekunde 10, rudisha. PlayStation: izime kabisa, isiwe kwenye hali ya kupumzika, chomoa waya na uiache dakika kadhaa. Nintendo Switch iliyoganda huzimwa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 12 au zaidi.

Hatua ya 3: Fuata umeme kuanzia ukutani

Chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Usipitishe kwenye ekstensheni wala kwenye stabilaiza. Icheze hivyo kwa muda uleule ambao kwa kawaida inazimika. Ikikaa, shida iko kwenye kile ulichokiruka. Ekstensheni inayolisha TV, spika, ruta na kompyuta kwa pamoja mara nyingi ina viunganishi vilivyolegea ndani, na gemu nzito inapovuta umeme mwingi kwa ghafla, ndipo inaposhindwa.

Ukichomoa plagi, igusie mkono. Uvuguvugu kidogo si neno. Ikiwa ya moto, au ukiona rangi ya kahawia kwenye pini au alama ya kuungua kwenye tundu, acha kuitumia soketi hiyo mpaka fundi umeme aibadilishe. Hapo hatuzungumzii tena gemu, tunazungumzia moto ndani ya nyumba.

Wenye laptopu, geuzeni chaja na kusoma maandishi yake. Volti lazima zilingane na zile zinazotakiwa na laptopu. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Laptopu ya gemu iliyochomekwa chaja yenye nguvu ndogo itaanza kula betri huku ikiwa kwenye umeme, kisha itapunguza kasi au kuzimika. Na kama inazimika kila waya unapotikiswa, betri imekufa na huenda tundu la chaja limelegea. Hakuna programu itakayolitibu hilo.

Kwenye kompyuta za mezani za zamani utaona kidude chekundu nyuma ya pawa saplai chenye namba 115 na 230. Usikiguse kama mashine ilikuwa inafanya kazi. Ukikiweka 115 mahali penye umeme wa volti 230, pawa saplai italipuka mara tu utakapowasha.

Hatua ya 4: Joto na vumbi

Hapa ndipo wengi watakapolikuta tatizo lao, kwa hiyo tutakaa.

Anza bila kufungua chochote. Toa konsoli kwenye kabati na kuiweka mezani, mahali wazi. Kwa PS5, Sony wanataka angalau sentimita 10 kati yake na ukuta, na umbali huo unaifaa mashine yoyote. Laptopu iondoke kitandani: matundu yake ya kuvuta hewa yako chini, na godoro linayaziba yote. Cheza tena. Kama muda wa kuzimika umesogea kutoka dakika 20 hadi saa nzima, umeshapata jibu, ingawa kazi haijaisha.

Jaribu pia hili: kata kipande cha karatasi ya chooni, kisogeze kwenye tundu linalotoa hewa huku mashine ikifanya kazi nzito. Kinapaswa kusukumwa mbali. Kama feni inavuma kwa nguvu na karatasi haitikisiki, feni inazunguka lakini hewa haipiti.

Kwenye kompyuta unaweza kuona namba zenyewe. Programu kama HWiNFO au HWMonitor huonyesha joto la prosesa na la kadi ya picha. Prosesa nyingi zina kikomo cha kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi, ndiyo maana gemu huanza kukwama kabla ya mashine kuzimika. Ukiona nyuzi 70 au 80 wakati wa gemu, tulia, hiyo ni kawaida. Ukiona 97 ndani ya dakika tano, kuna kizuizi.

Kizuizi chenyewe kwa kawaida hukioni kwa nje. Kipo kati ya feni na mapezi ya chuma yanayopoza. Kila nywele na kila unyuzi wa nguo unaovutwa na feni hunasa kwenye ukingo wa mapezi hayo, vumbi hushika juu yake, na baada ya miezi kunakuwa na utando wa kijivu uliosokotana kama kitambaa, unaoweza kuushika kwa vidole na kuutoa mzimamzima. Mabawa ya feni yanaweza kuwa safi kabisa huku utando huo umeziba njia yote nyuma yake. Ndiyo maana kupangusa matundu ya nje kwa kitambaa hakusaidii.

Kusafisha, fanya hivi. Zima, chomoa umeme, subiri mashine ipoe. Itoe nje au karibu na dirisha. Tumia kopo la hewa iliyoshindiliwa au blowa ndogo ya mkono, piga kwa mipulizo mifupi, kopo likiwa limesimama wima. Ukililaza linatema kimiminika baridi sana kwenye saketi. Zuia feni kwa kijiti cha plastiki au kidole isizunguke wakati unapuliza, kwa sababu ikizungushwa na upepo kwa kasi kubwa beringi zake huharibika. Kwenye laptopu na konsoli, puliza kuanzia tundu la kutolea hewa kuelekea ndani, utando ulegee, kisha uutoe kupitia upande wa feni. Usiingize mdomo wa vakyumu ya nyumbani kwenye saketi, umeme tuli wake unaweza kuua kifaa kimya kimya.

PS5 ina nafuu yake: vifuniko vya pembeni vinatoka kwa mkono, na chini yake kuna matundu maalumu ya kukusanya vumbi ambayo unaweza kuyanyonya kwa vakyumu. Ishia hapo. Chipu yake kuu imepakwa metali ya kimiminika badala ya pesti ya kawaida, ule ute unaopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kipozeo. Metali hiyo inapitisha umeme, na tone moja likihama linaweza kuiua bodi nzima.

Kama ni kompyuta ya miaka mingi, vumbi limetoka na joto bado liko juu, pesti iliyo kati ya prosesa na kipozeo huenda imekauka. Kwenye kompyuta ya mezani kazi hii inawezekana nyumbani: fungua kipozeo, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisicho na nyuzi, weka tone dogo la pesti mpya katikati, rudisha kipozeo ukikaza skrubu kwa mshazari. Kwenye laptopu na konsoli, mpe fundi.

Na tafadhali usifunike mashine. Enzi za Xbox 360, ile iliyowaka taa tatu nyekundu hadi Microsoft wakaongeza dhamana yake kuwa miaka 3 mwaka 2007, ulienea ujanja wa kuiviringisha kwa taulo ikiwa imewaka ili ijichome na kupona. Baadhi ziliwaka tena kwa muda mfupi, kisha zikafa moja kwa moja. Nasikitika kuona ushauri huo bado unapewa watu wenye konsoli mpya.

Hatua ya 5: Uliza mashine yenyewe

Kwenye Windows, andika Reliability kwenye kisanduku cha kutafutia na ufungue historia ya uthabiti. Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo programu au mfumo ulikwama ghafla. Linganisha na karatasi yako ya hatua ya 1. Ukienda Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta kosa la Kernel-Power namba 41, na wengi wakiliona hukimbilia kununua pawa saplai. Polepole. Kosa hilo linasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Linaandikwa hata ukichomoa waya wewe mwenyewe.

Kama karatasi yako inaelekeza kwenye RAM, andika mdsched kwenye kisanduku kilekile, kubali kuanza upya, na kompyuta itajipima. Ikikuta kosa na una vipande viwili, zima, chomoa umeme, acha kimoja, jaribu, kisha ubadilishane.

Kwenye PlayStation, ingia hali salama: konsoli ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 baada ya ule wa kwanza. Unganisha padi kwa waya, kwa kuwa huko bila waya haifanyi kazi. Chagua namba 5, inayopanga upya hifadhidata. Haifuti gemu zako. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 6: Pa kusimamia

Harufu ya kuungua, chomoa na usiwashe tena kujaribu. Betri ya laptopu iliyovimba, dalili yake ni padi ya kipanya kuinuka au kifuniko cha chini kutotulia mezani: usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji. Pawa saplai usiifungue hata kama imekaa siku nzima bila umeme, kapasita zake hutunza chaji inayoweza kukudhuru.

Ukimpelekea fundi, mpe ile karatasi pamoja na mashine, na umwambie ulichokwisha jaribu: soketi ya ukutani, kusafisha, vipimo vya joto. Mwombe aijaribu kwa gemu nzito kwa muda uleule ulioandika wewe, maana mashine inayozimika baada ya dakika 40 itaonekana nzima kabisa kwa anayeiwasha dakika 5 na kukurudishia.