Saa za zamani zenye radiamu: kuvaa unaweza, kufungua usithubutu

Saa iliyoundwa kabla ya miaka ya 1960, namba na mishale yake ikiwa imepakwa rangi ya kung'aa gizani, ihesabu kuwa ina radiamu, metali inayotoa mionzi. Usidanganyike kwa kuwa imeacha kung'aa. Kilichochoka ni zinki salfaidi iliyokuwa ikitoa mwanga. Radiamu yenyewe, ile aina iitwayo radiamu-226, huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

1. Soma uso wa saa. Ukiona "T Swiss T" au "T<25" karibu na namba 6, hiyo ni tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi dhaifu, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Pasipo alama, shika njia ya tahadhari.

2. Kagua kwa macho, mfuniko ukiwa umefungwa. Adui mkubwa ni vumbi. Miale ya alfa inayotoka kwenye radiamu huzuiwa hata na karatasi, lakini chembe ya radiamu ukiimeza au kuivuta puani, mwili huipokea kama kalsiamu na kuiweka mifupani. Wasichana waliopaka saa rangi huko Orange, New Jersey, walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo. Taya zao zilioza, na wengi walikufa wangali vijana. Watano walishtaki, wakalipwa fidia mwaka 1928.

3. Kioo kimepasuka, au rangi inabanduka? Usipulize wala usipanguse. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, kisha mfuko wa pili, unawe mikono kwa sabuni.

4. Iweke penye hewa, mbali na kitanda. Radiamu huzaa gesi ya radoni, nayo ina mionzi, hivyo saa nyingi katika kabati moja si jambo la kupuuza.

5. Usiitupe jalalani wala kuichoma. Tanzania waulize Tume ya Nguvu za Atomiki; Kenya, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia.

Maswali ya wanachama

Shukrani kwa somo, ndugu. Ninayo ya marehemu babu, huivaa siku za sherehe. Itanidhuru?
Kioo kikiwa kizima, hatari ni ndogo sana. Miale ya gama, inayopenya kuliko ile ya alfa, hupita kidogo, kwa hiyo usilale nayo, na mtoto asiichezee.

Fundi wa mtaani kwetu anataka kukwangua rangi apake mpya.
Mkatalie. Yeye ndiye atakayeumia zaidi: meza hiyohiyo anayokwangulia ndiyo anayolia chakula. Na saa hata ikienda kwake kwa shida nyingine, mwambie ina radiamu kabla hajaigusa.

Mwenzenu nimeshaifungua jana mezani. Nifanyeje?
Usifagie. Futa meza kwa kitambaa kilicholowa maji, ukikunje vumbi likibaki ndani, ukitie kwenye mfuko pamoja na saa. Nguo ulizovaa zifue peke yake. Kisha wapigie wataalamu wa mionzi waje na kipimo, maana vumbi hilo halionekani kwa macho.