Altimita ya ndege (kipimo cha kimo angani) kutoka Gerezani, Dar es Salaam: usiisugue kwanza

Kabla ya kitambaa wala brasso, piga picha ya kibati cha nyuma, mwanga ukitokea ubavuni. Maandishi ya rangi hufutika upesi. Taji na AM ni Wizara ya Anga ya Uingereza. Namba ya stoo yao inayoanza na 6A/ ndiyo ya kutafutia, ila hutaja aina ya kipimo tu, si ndege kilikofungwa. Alama ya AN ni ya Marekani, Fl. ni ya Ujerumani. Kibati kimeng'oka? Soma kidirisha cha mgandamizo wa hewa kwenye uso wa kipimo: inchi za zebaki kwa kawaida ni Marekani, milibari Uingereza. Kioo usikifungue kabisa! Rangi ya zamani ya kung'aa gizani mara nyingi ina radiamu, elementi yenye mionzi, na hata ikiacha kung'aa mionzi bado ipo. Vumbi lake ukilivuta ni hatari.