Hifadhi kwanza, ndipo ufute: usafi wa kompyuta ya nyumbani, hatua kwa hatua

Kompyuta nyingi zinazoletwa kwenye meza yangu hapa mjini Unguja huja na agizo moja: "Imekuwa nzito, nisafishie." Na mimi huuliza swali moja kabla sijaiwasha: vitu vyako viko pengine popote, au vimo humu humu tu? Jibu likiwa "humu humu", basi siku hiyo hatufuti kitu. Diski iliyochoka huweza kufa siku ile ile unapoitwisha kazi kubwa ya kusoma, kufuta na kupanga upya. Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu si wa kubadilisha: nakala, ukaguzi wa nakala, kufuta, halafu vumbi.

Hatua ya 1: Sikiliza na uangalie

Iwashe, ukae kimya dakika chache. Ikiwa ndani mna diski ya kuzunguka na inatoa mlio wa kugonga tik, tik, tik, acha kila kitu. Usiendeshe programu ya kutengeneza diski wala ya kuipanga upya. Kila dakika inayozunguka inakula uhai uliobaki. Nakili vya thamani tu, uzime.

Halafu umeme. Laptopu yenye betri nzima ina kinga yake. Ya mezani inataka UPS, yaani boksi la betri la akiba, hata ndogo, ya kukupa dakika kumi za kuzima kwa utaratibu. Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya baharini ilipoharibika na kisiwa kizima kikawa gizani, wanakumbuka jinsi vijenereta vilivyounguza vifaa vya watu. Kama unatumia jenereta ndogo, usianze kazi hii bila stebilaiza.

Hatua ya 2: Kusanya vilivyotawanyika

Hapa ndipo penye hasara, na ndiyo maana sitaki uende mbio. Watu hunakili folda ya Documents na picha, wakadhani wamemaliza. Angalia na hivi:

- Vilivyowekwa juu ya Desktop na vile vya Downloads. Mitihani ya walimu wa skuli, mara nyingi, imelala humo.
- Folda zilizoundwa moja kwa moja kwenye diski C, nje ya jina la mtumiaji.
- Data za programu ya hesabu za duka. Ndani ya programu hizo mna sehemu maalumu ya kutolea nakala. Itumie hiyo, usikokote faili kwa mkono wakati programu iko wazi.
- Nywila na alamisho zilizomo kwenye kivinjari.
- Kila mtumiaji mwenye jina lake kwenye kompyuta. Ya nyumbani hutumiwa na baba, mama na watoto, na kila mmoja ana picha zake.

Mtego mkubwa wa siku hizi ni OneDrive, ghala la Microsoft la mtandaoni. Windows ikiwashwa mara ya kwanza, mara nyingi huhamishia Desktop na Documents huko bila mwenyewe kutambua. Faili yenye alama ya wingu pembeni haimo ndani ya kompyuta. Unaona jina lake tu. Ibofye kitufe cha kulia uiambie ikae daima kwenye kifaa hiki, usubiri ishuke kwa intaneti, ndipo unakili. Na ukiifuta hapa, imefutika na kule. Kuna pipa la mtandaoni linaloshika vilivyofutwa kwa siku 30, baada ya hapo kwaheri. Kulandanisha (sync) si kuhifadhi, ingawa wauzaji hupenda tuchanganye.

Hatua ya 3: Chagua chombo

Diski ya nje ya TB 1 inatosha nyumba nyingi. Fleshi ni chombo cha kubebea, si ghala la video za harusi na maulidi ya miaka kumi. Ukikuta fleshi ya TB 2 inauzwa kwa bei ya soda chache, jua ndani mna GB chache tu na imedanganywa ijitangaze kubwa. Inapokea kila unachoipa, halafu siku ya kufungua hakuna kitu. Chombo chochote kipya kijaribu kwa programu ya bure inayoitwa H2testw: hukijaza mpaka ukingoni, kisha husoma ilichoandika na kukwambia ukweli.

Ikiwa chombo kipya hakipokei video inayozidi GB 4, kimeumbizwa (format) kwa mtindo wa zamani wa FAT32. Kiumbize upya kwa exFAT kikiwa bado kitupu, maana kuumbiza hufuta kila kilichomo.

Usichomeke fleshi ya mtu wakati huu. Kirusi kinachogeuza folda kuwa njia za mkato (shortcut) bado tunacho, hasa fleshi zinazopita kwenye maduka ya kuchapishia. Ukikutwa nacho, usibofye njia ya mkato hata moja. Pitisha kinga ya Windows kwanza, kisha, kama fleshi imepewa herufi E, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`. Mafaili yako yalikuwa yamefichwa tu, yataonekana.

Hatua ya 4: Nakili, usikate

Tumia kunakili na kubandika. Ukikata, na umeme ukaondoka katikati, utabaki hujui kipi kimefika na kipi hakikufika. Anza na visivyopatikana tena: picha za wazee, vyeti, hati za kiwanja. Filamu ziwe mwisho kabisa. Kwa tundu la USB 2, GB 200 hula karibu saa mbili, na picha ndogo ndogo nyingi huchelewa zaidi. Nenda kaswali, urudi.

Hatua ya 5: Kagua

Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Kisha chomeka diski kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha kadhaa za mwanzo, za kati na za mwisho. Video isogeze mpaka dakika zake za mwisho. Zikifunguka, itoe diski kwa utaratibu na uiweke mbali. Diski inayobaki imechomekwa si nakala: kirusi cha kufunga mafaili kikiingia, kinazifunga zote mbili.

Hatua ya 6: Sasa futa

Hii ni nyepesi. Ondoa programu usizotumia, kisha nenda kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, kwenye mafaili ya muda. Soma orodha kabla ya kubonyeza, kwa sababu Downloads imo humo humo, na tiki moja inaiondoa yote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kwenye sehemu ya Startup uzime programu zinazojiwasha zenyewe bila sababu. Acha nafasi wazi kama asilimia 15.

Programu zinazojinadi kuongeza kasi kwa kubofya mara moja, achana nazo. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka haitengenezeki kwa kufuta. Itilie SSD, diski isiyozunguka, uone. Na kama bado uko Windows 10, masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhama, lakini baada ya hatua ya 5.

Hatua ya 7: Vumbi, chumvi na wadudu

Zima, chomoa waya, toa betri kama inatoka. Tumia brashi laini kavu na kipulizio, ukiizuia feni kwa kidole isizunguke. Nyumba za karibu na pwani zina adui zaidi: chumvi hushika unyevu, na unyevu hula shaba. Meno ya RAM (kadi ya kumbukumbu) yaliyofifia yasugue taratibu kwa kifutio laini cha penseli, uyafute kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke kabisa. Kitambaa cha maji hapana, manukato hapana. Kwenye za mezani mimi hukuta sisimizi na mayai ya mijusi. Yatoe, lakini boksi la umeme usilifungue, hushika chaji hata likichomolewa.

Hatua ya 8: Nakala ya pili ilale pengine

Paa likivuja masika, au maji yakiingia kama yanavyoingia sehemu za chini za Mwanakwerekwe, kompyuta na diski iliyo kabati moja nayo huondoka pamoja. Nakala moja iende kwa ndugu, Chake Chake au hata mtaa wa pili, ikiwa imefungwa kwa nywila. Vyeti na picha chache teule zinaenea kwenye GB 15 za bure za Google. Diski iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na ubandike karatasi yenye tarehe ya nakala. Irudie kila mwezi kama kuna biashara ndani. Kwa picha za familia, mara moja kabla ya masika na mara moja kabla ya vuli.