Kiazi kikuu: kukichagua, kukimenya na kukipika kwa nazi

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Nimekulia viazi vitamu, na vikiisha shambani kuna michembe na matobolwa ndani, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku ya kwanza kukiona kiazi kikuu, sokoni Buguruni, nilidhani ni kipande cha kuni. Mama aliyekuwa anauza akakikata kidogo kwa kisu, ndani kukatoka zambarau.

“Shikamoo mama. Hiki nini?”

“Marahaba. Kiazi kikuu hicho, mwanangu.”

“Kama ni kikuukuu, si unitafutie kipya?”

Alicheka mpaka akamwita jirani yake wa nyanya aje asikie. Nilinunua kwa aibu, nikaenda kukipika kama kiazi kitamu, nikapata sufuria ya kamasi na mikono inayowasha hadi usiku. Sasa nauza futari na chakula cha jioni Temeke, na Ramadhani kiazi kikuu ndicho kinachoisha kwanza mezani kwangu. Nakuandikia wewe uliyekipita gengeni mara kumi bila kuthubutu.

Kwanza ujue kwamba hiki si ndugu wa viazi mviringo, wala wa viazi vitamu, wala wa muhogo. Hao watatu asili yao ni Amerika. Kiazi kikuu kimetoka Asia ya kusini-mashariki kikavuka Bahari ya Hindi. Kina ute na kina mwasho, na ukivimaliza hivyo viwili mapema, kilichobaki ni upishi wa kawaida.

Hatua ya 1: Kununua

Usitafute umbo, kwa sababu hakina umbo. Kuna kilichonyooka kama mguu wa meza na kuna kilichotawanyika kama mkono wenye vidole. Ganda ni la kahawia, gumu, lina vimizizi kama ndevu. Ndani ni cheupe au zambarau, na utamu haupishani sana.

Mwombe muuzaji akate mbele yako. Nyama iwe imekaza, ina unyevu unaonata, rangi moja. Ukiona mabaka meusi au ukibonyeza kinabonyea, mshukuru uondoke. Vikubwa huuzwa vipande, basi omba cha katikati. Upande wa kichwani, pale mti ulipoota, una nyuzi na unachelewa kuiva. Upande wa mkiani una maji mengi. Kilo moja inatosha watu wanne au watano.

Nunua sokoni, usichimbe porini. Kusini kuna ming'oko, ambayo watu wa Mtwara na Lindi huchimba, huchemsha na kula vizuri tu. Lakini kuna pia ndiga, kiazi pori chenye sumu, ambacho wanaokijua hukikatakata na kukiloweka siku kadhaa kabla ya kukigusa mdomoni. Usijifunzie kwenye ndiga.

Hatua ya 2: Kumenya bila kujikuna

Mwasho unatokana na vijisindano vya kalsiamu oksaleti, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoingia kwenye ngozi. Kwa hiyo usiruhusu utomvu ufike kwenye ngozi.

Osha udongo kikiwa na ganda lake, kisha kikaushe kwa kitambaa. Kiazi kilicholowa kinateleza, na kisu kikiteleza unajua kinakoenda. Paka mikono mafuta ya kula mpaka kwenye vifundo vya mikono, au vaa mifuko ya plastiki kama huna glovu. Menya kwa kuingia ndani kidogo, usione huruma ya ganda, kwa sababu mwasho umejaa zaidi hapo chini yake.

Kikikuwasha tayari, usijikune. Sugua ndimu na chumvi, kausha mikono, halafu ioteshe juu ya jiko la mkaa kwa mbali. Nilifundishwa hili na mama mwenye nyumba wangu, na mpaka leo sijapata dawa ya kulishinda.

Mwenye haraka ana njia ya mkato: chemsha vipande na ganda lake, umenye vikishaiva. Hakiwashi. Ila kwa mchuzi wa nazi siipendi, maana vipande vinavunjika kingo.

Hatua ya 3: Maji ya chumvi

Kata vipande vinene kama vidole viwili vilivyolala pamoja. Vyembamba vitarojeka. Tumbukiza kila kipande kwenye beseni la maji yenye kijiko cha chumvi hapo hapo unapokata, kwa sababu kikikaa hewani kinageuka kahawia. Acha robo saa. Maji yatakuwa mazito na yenye povu. Mwaga, suuza mara mbili.

Hatua ya 4: Chemsho la kwanza

Weka kwenye sufuria, maji yapite vipande kidogo, chumvi kijiko kidogo. Kikishachemka hesabu dakika kumi na tano, kisha choma kwa ncha ya kisu: iingie, lakini kipande kisipasuke. Mwaga maji yote. Wengine wananiambia napoteza ladha. Mimi nawaambia napoteza kamasi.

Hapa nitoe siri yangu ya aibu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na foleni ya wateja na kiazi cha zambarau kinakawia. Nikatia magadi, kama tunavyofanya kwenye kande. Dakika chache baadaye nilikuwa na sufuria ya rangi ya bluu inayoelekea kijani. Mteja mmoja akaniuliza kama nimepika na sare ya shule. Rangi ile ya zambarau hugeuka bluu ikikutana na magadi, na ikikutana na ndimu inakuwa nyekundu-pinki. Chakula hakikuharibika, lakini nani atakula? Usitie magadi. Kama rangi inakutia wasiwasi mbele ya wageni, nunua cheupe.

Hatua ya 5: Nazi

Kwa kilo moja natumia nazi mbili. Zikune, kamua tui zito kikombe kimoja na nusu uliweke kando, kisha rudishia maji ya uvuguvugu ukamue tui jepesi vikombe viwili. La pakiti linafaa ukibanwa, lakini liongeze maji, usilimimine lilivyo.

Rudisha vipande kwenye sufuria na tui jepesi, kitunguu kimoja kilichokatwa na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Moto wa kati, dakika kumi. Tui likipungua kufikia nusu ya vipande, punguza moto, kama ni mkaa toa vipande viwili vitatu, ndipo umimine tui zito.

Kuanzia hapo usiondoke. Simu iite, mtoto aite, wewe chota tui kwa upawa na kulirudisha, chota na kurudisha, mpaka lichemke polepole. Ukifunika sufuria au ukiacha moto mkali, tui linakatika, unaona mafuta juu na maji chini. Usikoroge kwa mwiko, maana vipande vitapondeka. Dakika tano hadi saba, likiwa zito la kugandia kiazi, epua. Onja chumvi sasa. Ndimu, kama unaipenda, iingie baada ya kuepua.

Mezani kwangu kinakwenda na samaki changu wa kukaanga. Wateja wangu wa Pemba wanakitaka kitamu: toa kitunguu na pilipili, tia sukari vijiko vitatu na hiliki iliyotwangwa. Nilibisha sana. Sasa Ramadhani napika sufuria mbili.

Kilichobaki

Vipande vilivyochemshwa bila nazi vikaange kesho yake asubuhi kwa mafuta ya moto, vinakuwa vikavu nje na laini ndani, na chai ya rangi vinatosha.

Kiazi kizima kinakaa wiki kadhaa kwenye kivuli chenye hewa, juu ya gunia. Kisiingie kwenye friji, baridi inakiozesha. Kilichokatwa kipake jivu kwenye kidonda na kukiacha kikauke, utakitumia ndani ya siku chache.

Na kile kichwa chenye nyuzi usikitupe, ndiyo mbegu. Nilikifukia kwenye gunia la udongo nyuma ya jiko mvua zilipoanza, nikasahau. Sasa mti wenye pembe nne umepanda nondo za dirisha la jirani, majani yake mojamoja yenye umbo la moyo, si matatu matatu kama ya ndiga. Kiazi kinahitaji miezi minane hadi kumi kukomaa. Jirani ameshaniambia anadai nusu.