Operesheni ya matundu: dalili za hatari ukisharudi nyumbani

Wapendwa leo tuongee kuhusu operesheni ya matundu, ile wanatoboa vitundu vitatu vinne tumboni wanaingiza kamera. Watu wakiona vidonda vimekauka wanajua yameisha, kumbe shida ya ndani haionekani kwenye plasta.

1. Maumivu yapungue kila siku. Siku mbili tatu za kwanza bega kuuma ni kawaida, ni ile gesi waliyojazia tumbo. Ila kama jana ulikuwa na nafuu halafu leo maumivu yamepanda, usimeze panadol ukalala, rudi hospitali. Utumbo ukiunguzwa kidogo na kifaa cha kuzuia damu unaweza kutoboka siku kadhaa baadaye, mgonjwa ameshapewa ruhusa yuko nyumbani anakunywa uji.

2. Hesabu mapigo ya moyo, hili watu wanalidharau na mimi ndo naliamini kuliko yote. Mgonjwa atulie, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Yakizidi 100 na hayashuki, tena tumbo linavimba au anatapika, msisubiri homa, maana utumbo ukitoboka homa mara nyingine inachelewa sana. Mapigo yakienda mbio na kizunguzungu, viganja vimepauka, inawezekana damu inavuja ndani, hata kama ni usiku wa manane ondokeni.

3. Aliyetolewa mfuko wa nyongo akianza macho ya njano na mkojo kama chai ya rangi, mrija wa nyongo uangaliwe haraka.

4. Kigimbi kimoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla: inaweza kuwa damu imeganda, wahini.

MASWALI

Mama katolewa nyongo, siku ya nne leo hajatoa hewa wala choo, tumbo limejaa. Nimpe dawa ya kuharisha?

Hapana dada, usimpe. Mpeleke leo leo na asile kitu mpaka aonwe.

Kwenye kitovu kuna kiuvimbe nikikohoa kinatokeza?

Inaweza kuwa ngiri kwenye tundu. Kama kinarudi ndani nenda kliniki wiki hii, kikigoma kurudi na kinauma, hiyo ni dharura.

Na hospitali wakiniambia ni kawaida?

Beba karatasi ya ruhusa, waonyeshe mapigo uliyoandika kila siku, uliza kama unahitaji kipimo cha damu na ultrasaundi au sitiskani (CT scan), na omba daktari aliyekufanyia apigiwe simu.