Jinsi ya kuzunguka Mji Mkongwe Zanzibar: siku moja na usiku wake, kwa miguu, bila kupigwa

Watu wengi wa bara wakija Unguja kwa boti wanafanya kitu kilekile, wanashuka bandarini, wanafata barabara ya baharini, saa nne asubuhi wako Forodhani jua linawachoma, wanapiga picha mbele ya jumba la Beit el Ajaib, wanakunywa soda alafu wanaanza kuulizana ndo basi? Mi nakwambia geuza. Mji Mkongwe utembee kutoka Darajani, kwenye soko, kuja baharini. Darajani ina uhai asubuhi na Forodhani ina uhai usiku, sasa ukienda kinyume unakuta bustani tupu asubuhi, na jioni sokoni unakuta samaki wazuri wameshaondoka wamebaki nzi. Alafu kuna suala la jua, saa sita mchana unatakiwa uwe ndani ya vichochoro ambako nyumba zimebanana na kivuli kipo muda wote.

Kabla ya yote: beba kitambulisho, hata kama wewe ni Mtanzania, na usikiweke chini kabisa ya begi maana utakihitaji pia ukienda kulipa viingilio, bei ya raia na bei ya mgeni ni mbingu na ardhi. Nguo, funika mabega na magoti, kina dada bebeni mtandio au kanga itawasaidia sana. Ukija Ijumaa jua kwamba mchana kwenye swala maduka mengi yanafungwa, na ukija Ramadhani usitembee barabarani unakunywa maji na kutafuna, kula hotelini kwako, jioni utafidiwa maana futari ya Unguja sio ya mchezo. Viatu viwe flati.

Ukitoka getini bandarini utapokelewa na papasi, ndo wanavyoitwa wale vijana wanaokufata "bro hoteli, dada tour, spice tour". Wengine wapoleee, wengine kama kupe. Salimia vizuri, sema nna mwenyeji, endelea kutembea usisimame. Ukitaka mwongoza watalii kweli, tafuta mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, mkubaliane bei na masaa kabla hamjaanza, na muulize kabisa kama viingilio vimo au havimo. Kwa saa mbili za mwanzo nashauri uwe naye, hasa Mkunazini, baadae tembea mwenyewe.

Haya, kutoka bandarini pita Malindi ingia barabara ya Benjamin Mkapa (wazee bado wanaiita Creek Road) mpaka Darajani. Jengo la soko ni la 1904, na kama unaweza wahi mnada wa samaki, utaona jodari amelazwa chini mkubwa kuliko mtoto wa darasa la pili, mnadi anataja bei kwa kasi hata husikii vizuri na mnunuzi anaitikia kwa kutikisa kichwa tu. Pweza, nguru, papa, harufu yake nayo usiseme sikukwambia. Viungo nunua hapahapa, ila sio kile kimkeka kizuri chenye vipakti kumi alichopangiwa mtalii, nenda kwa wauzaji wa ndani wanaopima kwa mizani, karafuu uinuse na uibonyeze kwa kucha kichwani, ikiwa nzuri inatoa mafuta kidogo.

Toka hapo Mkunazini ni dakika chache tu. Hapa tulia, usiharakishe. Hapa ndo palikuwa soko la watumwa mpaka 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba wa kulifunga baada ya kubanwa na Waingereza, na mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja uleule. Ukiingia, nenda mbele moja kwa moja altareni uangalie chini, kuna duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu, hapo inasimuliwa ndo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Alafu rudi nyuma karibu na mlango uangalie nguzo fupi za marumaru, zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, askofu Edward Steere alikuwa hayupo mafundi wakaziweka walivyoona wao, na aliporudi zikaachwa hivyohivyo. Huyu Steere ndo yule aliyeshughulika kutafsiri Biblia kwa Kiswahili na kuandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, kaburi lake lipo humohumo nyuma ya altare. Pia kuna msalaba mdogo wa mbao uliotokana na mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza.

Nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya 1998, shingoni wamefungwa mnyororo wa zamani wa kweli. Simama upande wa nyuso zao. Halafu utashushwa kwenye vyumba vya chini, dari limekugusa kichwa na hewa nzito, utaambiwa humu walifungiwa makumi ya watu wakisubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaobisha kwamba vile vyumba vilijengwa baadae na wamisionari kwa matumizi yao, kwahiyo sikiliza lakini usimeze kila kitu, biashara yenyewe haina ubishi. Maonyesho yaliyopo pale ni mazuri, soma mabango yote, nusu saa haitoshi.

Baada ya hapo acha kuwa na mpango kwa muda kidogo. Ingia vichochoroni. Ramani ya simu humo inachanganyikiwa, kuta ndefu na njia nyembamba, kile kidoti cha buluu kinaruka paa hadi paa, izime tu. Huwezi kupotea kwa maana ya kupotea, mji umezungukwa na bahari pande tatu na upande wa nne ni ile barabara ya Mkapa, ukitembea sana utatokea mahali, na ukikwama uliza "Forodhani wapi" au "Darajani wapi" mtoto yeyote atakuonyesha. Pitia Hamamni uone mabafu ya umma aliyojenga Barghash, hayatumiki siku nyingi na maji hamna ila ukiangalia juu kwenye kuba zenye vitobo vya mwanga utaelewa.

Milango ndo ya kuangalia kweli huku. Ule wenye upinde juu na vipande vidogovidogo vya mraba mara nyingi ni mtindo wa Kihindi, ule wenye fremu ya mstatili iliyonyooka ni wa Kiarabu wa zamani. Angalia pembeni kwenye fremu, utaona samaki chini, mawimbi, mnyororo kwenye ukingo wa nje, na juu wakati mwingine maandishi ya Kurani. Vile vyuma vya shaba vilivyochongoka vimetoka kwenye desturi ya India, kule inasemwa vilikuwa vya kuzuia tembo wasisukume mlango, huku Unguja tembo nani kamuona, ni urembo na kuonyesha uwezo tu. Nyumba za watu hizo lakini, mwenye nyumba akiwa kakaa barazani msalimie kwanza ndo utoe simu, na watu usiwapige picha bila kuomba, hasa kina mama.

Ukichoka kaa Jaws Corner, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kashata, wazee wanacheza bao, wengine dhumna, na siasa zinachambuliwa hapo kuliko bungeni. Wewe sikiliza tu, usijitie kuchangia.

Alasiri anza kushuka upande wa bahari. Pita Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki la 1898, alafu Shangani. Nyumba ya Tippu Tip ipo huko, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, jina lake Hamad bin Muhammad el-Murjebi, alifariki hapa Unguja 1905. Sio jumba la makumbusho, utaona mlango na ngazi zake tu, lakini kwa msomaji wa Kongo mashariki huu mlango una uzito wake maana misafara ya kina huyu ilifika mpaka Maniema na Kiswahili kikaenda nayo, na pembe na watumwa wakarudi nayo. Nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ipo njiani hapo, kazaliwa Unguja 1946, kama ni shabiki ingia, kama sio shabiki piga picha nje uokoe hela.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwisho wa miaka ya 1690, ndani kuna uwanja wa maonyesho, Februari ndo Sauti za Busara inapigwa humu na vyumba vya kulala mjini vinapanda bei, kwahiyo panga mapema au uepuke kabisa. Pembeni yake Beit el Ajaib ya 1883, jumba la Barghash, la kwanza huku kwetu kuwa na umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, usiende ukitegemea kuingia, na jumba la makumbusho la ikulu hapo jirani nalo uliza kwanza kama liko wazi.

Simama pale mbele uangalie bahari. Hapohapo zilitia nanga meli za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash kajitangaza sultani bila ruhusa yao, akapewa mpaka saa tatu asubuhi atoke, hakutoka, ikapigwa mizinga hata saa nzima haikufika, jumba la jirani likawa kifusi, watu kama 500 upande wake wakafa au kujeruhiwa. Yeye akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, akaishia kufariki Mombasa 1927. Watu wanaitaja kama kichekesho, vita fupi kuliko zote duniani, mi sioni cha kuchekesha.

Magharibi ikiingia Forodhani inawaka. Vijana wanaruka baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe zote, moshi wa mishkaki kila kona. Zile meza za kamba na pweza zilizopangwa vizuri ni za wageni, bei uulize kabla hawajaweka kwenye moto maana wakishaweka umeshanunua. Mi ningekula urojo: rojo ya njano yenye uchachu wa embe mbichi, viazi, kachori, badia, mishkaki, chipsi za muhogo za kuvunjavunja juu, chatne na pilipili unamwambia akupunguzie. Shushia na juisi ya muwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Baada ya hapo ulizia Vuga kama kikundi cha Culture Musical Club wanapiga taarab usiku huo, mazoezi yao tu yanatosha, fidla na ganuni kwa karibu ni kitu kingine kabisa.

Asubuhi ya pili kama una muda nenda Changuu kwa mashua, jiungeni watu kadhaa mgawane nauli. Wanakiita kisiwa cha jela ila jela ile haikuwahi kufunga wafungwa, ikawa karantini, na sasa wanaoringa huko ni kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, Shelisheli. Ukirudi tembea Mizingani upite Mtini, penye ule mti mkubwa, na ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan yenye roshani za mbao zilizochongwa, ilikamilika 1894, ni njia yako ya bandarini hata hivyo. Tiketi ya kurudi uwe umekata mapema, wikiendi na sikukuu zinaisha, na kama ni msimu wa kusi bahari inachafuka kweli kweli, kaa chini katikati ya boti, meza dawa kabla haijang'oa nanga na urojo wa kuagia uache.